Sema Una Pumu

“Akifika huko asiseme ana pumu. Na hayo majani ya Mabaniani ayaache hapa hapa Unguja.”

Ndivyo alivyosema ami yako Suleiman jana baada ya chakula cha mchana, huku anachokoa meno, kama mtu anayetoa nasaha ndogo isiyohitaji kujibiwa. Nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo zako. Unanijua, Rukia: jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kabla sijalitoa nilichungulia nikakuona unamuitikia kwa kichwa. Kisha leo asubuhi nimefagia chini ya kitanda chako nikakuta kile kifurushi cha leso nilichokitia sandukuni kwa mkono wangu: majani makavu ya adusa, ule mti wa Kihindi wa kikohozi, tangawizi, pilipili manga, na lile birika dogo la shaba la kusafishia pua. Umekitoa, ukakisukuma mpaka ukutani.

Sikukuita. Nikisema nawe kwa mdomo nitakasirika, nikikasirika utanyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kunakonitisha kuliko kitu chochote duniani. Nimechukua karatasi. Mambo ya koti, na chakula, na sala, na namna ya kukaa na watu baki, utayasikia kwa shangazi zako ambao wamejipanga foleni tangu juzi. Mimi nina neno moja, na litanichukua kurasa nyingi kwa sababu sijapata kusema neno moja kwa ufupi.

Neno lenyewe ni hili: ami yako amekosea, na kosa lake linaweza kukuua.

Tuanze na hiyo “asiseme”. Pumu si kovu la goti ambalo gauni refu hulifunika. Pumu ina sauti. Mtu akitaka kuificha lazima afiche na kikohozi, afiche vidonge, afiche kwamba analala kwa mito miwili, afiche kwamba kwenye ngazi husimama katikati akajifanya anafunga kiatu. Nawe unakwenda kujifunza uuguzi, katika nchi ya Wazungu ambako kila nyumba inachoma makaa ya mawe na moshi wake, nilivyosoma, hushuka barabarani ukachanganyika na ukungu mpaka watu wakashika kuta kutafuta njia. Utakaa bweni moja na wasichana wasiokujua. Ami yako anataka ukabanwe kifua kati yao, na asiwepo hata mmoja anayejua anachokiona. Hiyo anaiita hekima.

Najua ilivyo, kwa sababu nimewahi kuishi ndani yake. Nawe uliishi, lakini ulikuwa mdogo, na yapo ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa chumba cha ndani.

Pumu yako ilipoanza ulikuwa bado hujaanza chuo cha Kurani. Kifua chako kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Marehemu baba yako alitaka kukupeleka hospitali mchana kweupe, na bibi yako akamzuia. “Mtoto wa kike,” alimwambia, “ukimpitisha njiani anakoroma hivyo, nani atakuja kuposa?” Baba yako alikuwa mtu mpole. Akangoja magharibi. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na sheria ambayo hakuna aliyeitunga kwa sauti: Rukia ana mafua. Wakija wageni, Rukia ana mafua. Usipofika skuli, Rukia ana mafua. Sijui kama yupo mtoto mwingine katika mji huu aliyepata kuwa na mafua mengi kama wewe.

Bibi yako si mtu mbaya, na sitaki usome barua hii ukadhani namsema nyuma ya mgongo, nitampa aisome. Unajua udi wake. Hakuna harusi ya Malindi wala ya Kiponda inayofanywa bila udi alioupika yeye, kwa sukari na manukato yake ambayo hata mimi hajanitajia yote. Ijumaa kila nguo ya nyumba hii hutandazwa juu ya tenga ikafukizwa. Mashuka, mito, mabuibui. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa hali, chetezo kimeshafika miguuni kwake. Nyumba isiyofukiza, watu husema imefilisika au wenyewe wamekosana. Basi tulikuwa na mtoto ambaye moshi unambana, katika nyumba ambayo moshi ndio heshima yake, na hatukuweza kuuzima, kwa sababu siku tutakapouzima wageni watauliza kwa nini, na tukijibu kwa nini tutakuwa tumesema. Tuliendelea kufukiza ili tusiulizwe. Sisi tulikuwa watu wenye akili zetu. Mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa nimesoma vitabu vya Kiarabu vya baba yangu na majarida ya Kiingereza mpaka macho yakaniuma, na kila Ijumaa nilikuwa natandaza shuka lako juu ya moshi kwa mikono yangu, jioni nikakulaza juu yake.

Walikuja wanawake siku moja kwa mambo ya ndoa ya binamu yako. Idd ilikuwa imepita juzi tu na nyumba bado ina moshi wa siku zote zile. Wewe ulikuwa ndani, umelala. Sisi sebuleni tunakunywa kahawa, chetezo kinazunguka, bibi yako anasimulia kisa cha mtu aliyekwenda Hija akapoteza kiatu. Nikasikia kifua chako. Bibi yako naye akasikia, maana alipandisha sauti. Kadiri wewe ulivyolia ndivyo yeye alivyozidi kusimulia, na mimi, mama yako, nilicheka. Nilicheka kwa nguvu pale pasipochekesha, ili wageni wasikusikie.

Kisha sauti yako ikakoma.

Mgeni mmoja akasema, “Alhamdulillahi, mtoto kalala.” Nami kwa muda wa pumzi moja nikaamini. Ndipo nikakumbuka kwamba kifua cha pumu kinapolia bado kuna hewa inayopita. Kinaponyamaza ghafla bila nafuu, hewa haipiti tena. Nilipofika ulikuwa umekaa, macho wazi, midomo rangi ya zambarau, huwezi hata kuniita. Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka kelele za wanawake juu na buibui langu likinitatiza miguuni.

Duka la karibu lilikuwa la Jethalal, yule Baniani muuza dawa za miti ambaye nyumba yetu ilimdharau kwa kauli moja. Unamkumbuka mzee mwenye miwani ya uzi, anayebishana na kila mtu. Niliingia nalia, nakuweka juu ya kaunta yake. Hakunipa dawa. Alinusa, akanitazama kama niliyemletea samaki aliyeoza, akaninyooshea kidole mlangoni.

“Weye toka inje, mama.”

Nikamwambia mtoto ni wangu.

“Mtoto yako, moshi yako,” akasema. “Nguo yote ya weye moshi. Mtoto nakaa, weye nakwenda inje.”

Nikatoka. Nilisimama barabarani kwenye jua, mimi na harufu yangu nzuri, nikatazama kupitia mlangoni mwanamke mwingine akikushika mwanangu. Alikuwa Bi Kanta, mkewe. Alikuvua gauni lililofukizwa, akakukalisha umeinama mbele, mikono juu ya kaunta, akakaa uso kwa uso nawe akapuliza taratibu kama anayepoza kahawa, akakufanya umfuate. Hakukwambia vuta. Alikwambia toa. Mumewe alikuwa ameshatoka mbio kumwita jirani yake mwenye motokaa, na ndani ya motokaa hiyo mlikwenda hospitali, wewe na Bi Kanta mbele, mimi nyuma karibu na dirisha lililo wazi, kwa amri. Hospitali wakakupiga sindano, na rangi ikakurudi usoni.

Sasa sikiliza vizuri, maana watu wa mji huu wameshagombana nami juu ya jambo hili kutoka pande zote. Nani alikuokoa? Sindano. Naliandika bila kutafuna, na Jethalal akija kuniuliza nitamwandikia na yeye. Lakini sindano haikuwepo dukani, haikuwepo sebuleni kwetu, na njia ya kuifikia ilikuwa ndefu kwa mtoto asiyepumua. Aliyekufikisha ukiwa hai ni mwanamke aliyejua kwamba kifua kilichofungwa hufunguliwa kwa kutoa. Anayetaka kumchagua mmoja amtupe mwingine, na achague. Mimi sichagui, na sitaki uchague.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Bi Kanta nikiwa nimefua buibui langu na kulianika juani, nikamwomba anifundishe zile pumzi, ambazo kwao zinaitwa yoga. Uani kwake ndiko ulikokulia nusu ya utoto wako, na haya unayajua kuliko mimi: kukaa mgongo wima, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulioivuta, kuziba pua moja na kuachia nyingine, kuvuma mdomo umefunga kama nyuki ndani ya mzinga. Kulala kifudifudi ukainua kifua. Maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, chumvi kidogo, yaingie pua hii yatoke ile. Siku ya kwanza alipokuonyesha birika, ulimtazama ukasema, “Bi Kanta, si udhu huu?” Akacheka mpaka akakaa chini. Majani ya adusa tukaotesha juu ya dari ndani ya debe, tukayachemsha na tangawizi na asali, na ulikuwa unakunja uso kila ukiyanywa kama umepewa sumu.

Nami nikafanya kosa la msomaji. Nilipata kitabu cha Kiingereza chenye picha za Wahindi waliojikunja, nikasoma habari ya pumzi za haraka haraka, kama mivukuto ya mhunzi, zinazosafisha mapafu, ikaniingia kwamba tunakwenda polepole mno. Nikakuamrisha. Hukufika mbali, kifua kikakubana hapo hapo. Nilipokwenda kumweleza Bi Kanta alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele. “Weye nasoma mingi, mama Rukia,” akasema. “Lakini kifua ya mtoto hapana nasoma kitabu yako.” Nilimkasirikia wiki nzima. Hata hivyo haki ilikuwa yake, na sasa nakwambia: utakutana na watu wenye vitabu kuliko mimi. Wakikwambia fanya haraka, sikiliza kifua chako kwanza.

Usidhani Mabaniani wale walikuwa malaika. Jethalal alitaka uache ndizi, uache mtindi, uache samaki, uache karibu kila kinachoingia mdomoni kwa mtu wa Unguja. Ndizi tulizijaribu, hazikukufanya kitu, nikamwambia. Kisha siku moja akaniambia mbele ya wateja nitupe vidonge vya hospitali, majani yanatosha. Wateja wakageuka kunisikiliza. Nikamwambia nitavitupa siku atakayonionyesha jani linalofanya kazi kwa mtoto asiyeweza kumeza. Alikasirika akawa ananihudumia bila kuniangalia, ananisukumia tangawizi kama anamtupia paka. Jani la adusa hulainisha kohozi, na tangawizi huupasha joto mwili wako wa baridi. Hayo ni mengi, na hapo ndipo yanapoishia. Pumzi ndefu hukutuliza usipaparike, ukapata nafasi ya kufikiri. Nayo inaishia hapo. Atakayekwambia vinaponya pumu ni mwongo, hata akiwa na ndevu nyeupe, hata akiwa na miwani ya uzi.

Na daktari naye. Unamkumbuka yule Mzungu mrefu aliyekuwa ananiita “Mama” kwa sauti ya kumbembeleza mtu mjinga. Alipojua kuhusu majani aliniambia hayo ni mambo ya porini. Nilikuwa nimejiandaa, nikamwambia vidonge anavyonipa vimetokana na kichaka cha Uchina, na Wachina walikuwa wanakichemsha zamani kabla babu yake hajavaa viatu. Alicheka, kisha akanijibu kitu ambacho sijakisahau: ni kweli, lakini kuna mtu aliyekipima kile kichaka, akajua kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua. Nilirudi nyumbani nimeudhika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tangu siku hiyo sikukuchemshia jani kwa kukisia. Mtu unayepigana naye akikupiga kwa haki, lichukue lile pigo uende nalo nyumbani.

Ami yako ndiye hakuwahi kunipiga kwa haki. Aliposikia unakaa uani kwa Mabaniani ukivuma kama nyuki, alikuja hapa na kanzu iliyopigwa pasi akaniambia namfundisha mtoto wa ndugu yake ibada ya masanamu. Bibi yako alikuwepo, na wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Najua, niliona vidole vyako.

Nikamuuliza: “Shemeji, Jumapili ulikuwa wapi?”

Akasema alikuwa Kikwajuni, kwenye maulidi ya homu.

“Mkifanya nini?”

“Tukimsalia Mtume, tukifanya nini.”

“Mkiwa mmepiga magoti kwa safu, mnainama pamoja na kuinuka pamoja, pumzi zenu mnazipandisha na kuzishusha kama mtu mmoja. Nani aliyekufundisha kuigawa pumzi yako hivyo?”

“Ile ni dini, Bi Zuwena.”

“Nayajua hayo. Mapafu yako yanayajua?”

Bibi yako alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Ami yako akaondoka bila kahawa. Sikumtania ili kuyadhihaki maulidi yake. Maulidi ya homu nayapenda kuliko yeye anavyodhani. Nilimwambia kile ninachokiamini mpaka leo, kwamba pumzi haikupewa watu wa dini moja. Kila msomaji wa Kurani anayesoma aya ndefu bila kuikata ameizoesha pumzi yake kwa miaka. Wewe ulikaa uani kwa Bi Kanta ukavuma, ukarudi nyumbani ukasali. Hakuna kilichopungua katika hayo mawili.

Kisha nikaandika gazetini, kama ninavyofanya kila ninapokosa usingizi. Niliandika juu ya moshi wa udi na vifua vya watoto. Niliandika juu ya pumzi, nikawajibu wale walioniita kafiri na wale walioniita mchawi, wiki baada ya wiki, na mji ukachangamka. Na katika kila barua nilisaini jina la kiume la kubuni, na kila nilipokutaja niliandika “mtoto wa jirani yangu”. Siku ile ulinisomea mojawapo kwa sauti, ukafika pale, ukainua uso.

“Mama, jirani gani?”

Nilikuwa nawatukana watu wanaoficha, huku nimekuficha. Ukali wangu wote ule ulikuwa ni bibi yako anayepandisha sauti sebuleni, ila mimi niliipandishia gazetini.

Basi barua iliyofuata niliiandika kwa jina langu, na kwa jina lako. Binti yangu Rukia ana pumu. Hapo ndipo nilipokaa kungoja kupongezwa, na badala yake wale watu wa Shangani waliokuwa wanakuja kukuposa kwa niaba ya kijana wao, wakaacha kuja. Hawakutuma hata mtu kusema. Ulikuwa umempenda yule kijana; sikulijua hilo mpaka nilipokuona juu ya dari, umekaa karibu na debe la adusa, unachuma majani moja moja unayatupa chini barabarani.

Rukia, sijuti kwamba niliandika. Watu wanaomkimbia msichana kwa sababu ya kifua chake wangemkimbia na kwa sababu nyingine baadaye, akiwa na watoto wao mikononi. Hilo nitalisema mpaka niwekwe kaburini. Ninachojutia ni kwamba sikukuuliza. Kifua kilikuwa chako, jina lilikuwa lako, na mimi nikavitoa sokoni kama vyangu, nikaenda zangu kufurahia ujasiri wangu. Ushujaa nilikuwa nao mimi, malipo ukalipa wewe. Kwa hiyo nakuelewa ulipomuitikia ami yako jana. Umeona kinachompata anayesemewa. Umeamua kwamba mahali pasipo na mama wa kukusemea, utapumzika.

Lakini tofautisha mambo mawili, mwanangu. Kusemewa ni kitu kimoja. Kusema ni kingine. Mimi nilikunyang'anya la pili kwa kulifanya la kwanza. Ami yako sasa anataka kukunyang'anya tena, kwa njia ya kinyume, na wewe unamsaidia kubeba.

Utaniambia: Mama, wakijua watanirudisha. Inawezekana. Daktari aliyekupima hapa anajua, amekusikiliza kifua mbele na nyuma, na amesema unaweza. Alisema pia uwaambie. Wakikurudisha baada ya hapo, utarudi, na mimi nitakwenda kukupokea kwa kichwa juu, nitawaandikia wao barua ambayo hawajapata kuisoma mfano wake. Nataka urudi kwa miguu yako. Kuna njia nyingine ya kurudi ambayo ami yako hakuitaja, kwa sababu yeye hakuwa sebuleni siku ile, hakusikia jinsi nyumba inavyokuwa mtoto anaponyamaza.

Na ukiwa muuguzi, siku moja ataletwa mtu mbele yako ambaye midomo yake imebadilika rangi. Madaktari watakuwa wanakuja. Wewe utajua kumkalisha, kumwinamisha mbele, kumpulizia usoni kama anayepoza kahawa, mpaka sindano ifike. Utawaambia umejifunza wapi? Au utasema umekisia? Bi Kanta hakukisia. Mama yake alimfundisha, na wewe ukimficha yeye na majani yake chini ya kitanda, utakuwa unakula chakula cha mtu ukakataa kumtaja.

Nikumbushe na la mwisho la kifua, maana sitaki useme nilikuacha na maneno matupu. Vidonge viwe mfukoni mwako, visiwe sandukuni. Baridi ikizidi, funga shali mdomoni, upumulie puani. Asubuhi fanya pumzi zako, dakika chache, hata kama wenzako wanatazama. Wakiuliza waambie ni nini, na wakicheka endelea. Ukiona kifua kinabana, kaa, inama mbele, toa. Na kikizidi, usijaribu kuthibitisha kitu chochote kwa mtu yeyote, wala kwangu. Mwite daktari. Pumzi ya yoga si ya kushindana na hospitali. Aliyekufundisha alikukalisha mwenyewe kwenye motokaa kwenda hospitali.

Barua hii nitaiacha wazi juu ya meza, maana katika nyumba hii hakuna barua isomwayo na mtu mmoja. Kwa hiyo sasa nasema nanyi nyote watatu.

Mama mkwe wangu, kesho alfajiri watajaa watu kuja kuaga, nawe utataka kufukiza nguo zake za safari, kwa sababu hivyo ndivyo mtu wetu anavyotolewa nyumbani. Nakuomba, kwa mapenzi unayompenda, usiwashe. Mgeni akiuliza kwa nini nyumba haina udi, usimtafutie kisa cha kumsimulia.

Suleiman, wewe ndiye utakayemshika mkono mpaka ngazi ya meli, kwa kuwa ndugu yako hayupo. Mshike. Ila ile nasaha yako ya jana, mbele ya watu watakaokuwa bandarini, iondoe. Kama ulikuwa na ulimi wa kuisema baada ya biriani, uwe nao na wa kuirudisha.

Na wewe, Rukia. Mimi kesho sitasema kitu. Nimeapa, na bibi yako ni shahidi, ingawa hajaamini. Wakishafika wote, shangazi zako, majirani, hata wale wa Shangani wakithubutu kuja, simama katikati ya sebule kabla hujavaa buibui. Kitie kifurushi sandukuni mbele ya macho yao. Kisha waambie mwenyewe, kwa sauti yako, usiipunguze, kwamba una pumu, kwamba utaisema na huko uendako, na kwamba anayeona haya kwa ajili yako na abaki nyumbani asikusindikize.

Mama yako,
Zuwena